Chanda Chema Huvikwa Pete: Ni Mwalimu Gani wa Timu Astahiliye Heshima ya Mwaka?

Wazee husema: chanda chema huvikwa pete. Methali hiyo twaifundisha shuleni, nasi twaitaja bila kusita kila mwanafunzi hodari apewapo zawadi mbele ya wenzake. Lakini ni mara chache tunapouliza maswali yanayofuata. Ni nani apimaye wema wa chanda? Na aliyeivika pete leo, je, aweza kuivua kesho?

Mwezi wa Mei 2018 maswali hayo yaliulizwa kwa sauti kubwa huko Marekani na Kanada, si mahakamani wala bungeni, bali katika mchezo wa mpira wa kikapu. Tarehe 9 ya mwezi huo walimu wakuu wa timu 30 za shirikisho kuu la mchezo huo, liitwalo NBA, walimtangaza mwenzao Dwane Casey wa timu ya Toronto kuwa ndiye aliyefanya kazi bora kuliko wote katika msimu ule. Tarehe 11, yaani siku mbili tu baadaye, wakuu wa timu ya Toronto walimwachisha kazi. Tarehe 25 Juni akatangazwa tena Mwalimu wa Mwaka, safari hii kwa kura za waandishi na watangazaji wa michezo. Akapanda jukwaani kupokea kombe kwa kazi aliyoifanya katika mji usiomtaka tena.

Msomaji mpenzi, waona ajabu ya jambo hili? Mtu yule yule, kwa kazi ile ile, wenzake wamtukuza na wakubwa wake wamwondoa. Ama mmoja wao amekosea, ama kila mmoja alikuwa akipima kwa mizani yake. Na tuketi basi tulichungue shauri hili kama wazee barazani, kila upande upewe nafasi ya kusema, kisha tutoe hukumu.

KOMBE LENYEWE NA DESTURI YAKE

Kwanza yafaa tueleze mambo machache kwa ajili ya wazazi wasioufahamu sana mchezo huu. Kiongozi wa timu vijana humwita kocha. Sisi tutamwita mwalimu wa timu, maana kazi yake ni kufundisha. Timu huwa na wachezaji wapatao 15, nao watano tu ndio waingiao uwanjani kwa wakati mmoja. Mchezo una dakika 48. Mwalimu ndiye aamuaye nani aanze, nani apumzike, nani amlinde adui aliye hatari, na mpira upitie mikononi mwa nani. Tangu Oktoba hata Aprili kila timu hucheza mara 82. Kisha timu 16 zilizo bora huingia katika michezo ya mtoano: timu mbili hukutana, na itanguliayo kushinda mara nne husonga mbele. Watakaobaki mwisho ndio mabingwa, nao huvikwa pete, pete kweli kweli za dhahabu na vito, kama isemavyo methali yetu.

Kombe la Mwalimu wa Mwaka ni jambo jingine. Lilianza kutolewa katika msimu wa 1962–63, na wa kwanza kulipata alikuwa Harry Gallatin wa timu ya St. Louis. Leo kombe hilo lina jina la Red Auerbach, mwalimu mashuhuri wa Boston aliyeipatia timu yake ubingwa mara 9. Waandishi na watangazaji ndio wapigao kura. Kila mmoja huandika majina matatu: la kwanza hupewa alama 5, la pili 3, la tatu 1. Na hapa pana neno moja la kushikwa sana: kura hizo hukusanywa michezo 82 inapokwisha, kabla ya michezo ya mtoano. Basi hata mwalimu akishindwa vibaya mwezi wa Mei, kura zake zimekwisha kufungwa tangu Aprili.

Ukiitazama orodha ya waliopewa kombe hili utashangaa. Auerbach mwenyewe, pamoja na ubingwa wake wote, alilipata mara moja tu, mwaka 1965. Phil Jackson alitwaa ubingwa mara 11, mara 6 akiwa Chicago na mara 5 akiwa Los Angeles. Kombe la Mwalimu wa Mwaka alilipata mara moja, mwaka 1996, Chicago iliposhinda michezo 72 kati ya 82. Jerry Sloan aliiongoza timu ya Utah kwa miaka 23, akaifikisha fainali mwaka 1997 na 1998, akastaafu akiwa ameshinda michezo zaidi ya 1,200. Hakulipata kamwe. Kinyume chake Don Nelson alilipata mara tatu, mwaka 1983, 1985 na 1992, wala akiwa mwalimu mkuu hakutwaa ubingwa hata mara moja.

Sababu yake ni nini? Wapiga kura ni binadamu, na binadamu hushangazwa na jambo asilolitazamia. Timu iliyodhaniwa kuwa dhaifu ikipanda ghafula, wote husema: mwalimu huyu ni fundi! Bali yule ambaye timu yake ni nzuri kila mwaka huzoeleka. Kosa la Sloan, kama ni kosa, lilikuwa kufanya vema mwaka huu kama alivyofanya mwaka jana. Ni nani asimamaye asubuhi na kulishangilia jua kwa kuwa limechomoza?

WATATU WALIOSHINDANISHWA

Tuurudie sasa msimu wa 2017–18. Mwishoni yalibaki majina matatu: Dwane Casey wa Toronto, Brad Stevens wa Boston, na Quin Snyder wa Utah. Kila mmoja alikuwa na watetezi wake, na kila mtetezi alikuwa na hoja yenye uzito.

Tuanze na Quin Snyder. Mwezi wa Julai 2017 Gordon Hayward, mchezaji bora wa Utah, aliiacha timu hiyo na kwenda Boston. Utah ikabaki kama nyumba iliyong'olewa nguzo ya kati. Zaidi ya hayo, Rudy Gobert, Mfaransa mrefu aliye ngome ya timu hiyo, aliumia goti, akaikosa michezo mingi. Kufikia siku za mwisho za Januari Utah ilikuwa imeshinda michezo 19 na kushindwa 28. Watu wengi walikwisha kuifunga kaburini. Lakini Snyder hakukata tamaa. Alimpa mpira kijana mgeni, Donovan Mitchell, aliyekuwa wa 13 katika uchaguzi wa vijana wa mwaka huo, akamwacha akosee na kujifunza. Gobert aliporudi, timu ikasimama imara. Katika michezo 35 ya mwisho walishinda 29. Wakamaliza na ushindi 48, wakaitoa Oklahoma City katika hatua ya kwanza ya mtoano, ndipo wakashindwa na Houston.

Wa pili ni Brad Stevens, mtu mpole aliyetoka kufundisha katika chuo cha Butler, tena ndiye aliyemlea Hayward huko chuoni. Hayward alipofika Boston mwalimu wake wa zamani alimpokea kwa furaha. Furaha ile haikudumu hata robo saa. Tarehe 17 Oktoba 2017, katika mchezo wa kwanza kabisa wa msimu, dakika ya tano tu, Hayward alianguka vibaya akavunjika mguu. Hakucheza tena msimu ule. Mwezi wa Machi mchezaji mwingine mkuu, Kyrie Irving, naye akaondoka uwanjani kwa sababu ya goti. Stevens akabaki na vijana: Jayson Tatum aliyetimiza miaka 20 mwezi huo huo wa Machi, na Jaylen Brown aliyekuwa na miaka 21. Pamoja na hao alishinda michezo 55, kisha akafika mchezo wa saba wa fainali ya upande wa Mashariki dhidi ya Cleveland, akashindwa nyumbani kwa 87 kwa 79. Watetezi wake husema: aliyevunjikiwa jembe akalima kwa mikono na bado akavuna, huyo ndiye mkulima.

Tazama basi ajabu ya mtu mmoja Hayward. Kuondoka kwake kulimfanya Snyder kuwa maskini, na kuumia kwake kulimfanya Stevens kuwa maskini. Umaskini huo wote wawili wakaugeuza kuwa sifa.

Wa tatu ni Dwane Casey. Huyu alizaliwa mwaka 1957, akalelewa na babu na bibi yake katika mji mdogo wa Morganfield, jimbo la Kentucky. Alikuwa mmoja wa wachezaji wa chuo kikuu cha Kentucky kilichotwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1978. Kabla ya kufika Toronto alifanya kazi hata Japani, na mwaka 2011 alikuwa msaidizi katika timu ya Dallas ilipokuwa bingwa. Mwaka huo huo akapewa timu ya Toronto, iliyokuwa mnyonge. Aliipandisha ngazi kwa ngazi.

Tukimtaja Casey, sisi wa Kongo tuna sababu ya kukumbuka. Bismack Biyombo, mwana wa Lubumbashi, alicheza chini yake msimu wa 2015–16. Tarehe 21 Mei 2016, katika fainali ya upande wa Mashariki dhidi ya Cleveland, Biyombo alidaka mipira 26 iliyogonga ubao na kurudi, jambo ambalo hakuna mchezaji wa Toronto aliyekuwa amelifanya kabla yake. Kabla ya mwaka ule wengi walimwona kuwa mtu wa kujazia nafasi. Mwezi wa Julai timu ya Orlando ilimwandikia mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Na katika msimu ule tunaoujadili, Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, alikuwa mmoja wa watano wanaoanza.

Kuna kisa kingine ambacho wanafunzi wa seminari zetu watakipenda. Pascal Siakam, mtoto wa Douala huko Kamerun, alipelekwa na baba yake katika seminari ya Bafia angali mdogo, kwa matumaini kwamba atakuwa padri. Mpira wa kikapu hakuuanza kwa bidii ila akiwa kijana mkubwa. Alipochaguliwa na Toronto mwaka 2016 alikuwa wa 27 katika orodha. Casey akampokea, akampa dakika, akamwonya, akampa dakika tena. Mbele kidogo tutaona alivyokuwa.

NI NINI ALICHOFANYA CASEY MWAKA ULE?

Mwezi wa Mei 2017 Toronto ilishindwa na Cleveland mara nne kwa sifuri. Ilikuwa aibu. Sababu ilijulikana na wote: mashambulizi yote ya timu yaliwategemea watu wawili, Kyle Lowry na DeMar DeRozan. Adui akiwabana hao wawili, mto ulikauka. Katika msimu wa 2016–17 Toronto ilikuwa ya mwisho kati ya timu zote 30 kwa hesabu ya pasi zinazozaa vikapu. Masai Ujiri, mkuu wa timu, aliyelelewa Zaria nchini Nigeria na ambaye mama yake ni Mkenya, alisema waziwazi kwamba desturi ya kucheza lazima ibadilishwe.

Wakati huo Casey alikuwa mtu wa miaka 60. Alijulikana kuwa mwalimu wa ulinzi, mwenye kupenda utaratibu wake wa zamani. Ingekuwa rahisi kwake kusema: mimi nimeshinda michezo 51 mwaka huu na 56 mwaka uliotangulia, nani atanifundisha? Hakusema hivyo. Alikubali kuvunja alichokijenga. Mpira ukaanza kupita mikononi mwa wote. Watu warefu waliozoea kukaa chini ya kikapu wakaruhusiwa kutupa kutoka mbali, ambapo kikapu kimoja ni alama tatu. DeRozan, aliyesifiwa kwa kutupa kutoka katikati, akafundishwa kuwapasia wenzake. Na vijana wa benchi, akina Siakam na Fred VanVleet, ambaye mwaka 2016 hakuna timu iliyomchagua, wakapewa dakika nyingi hata wapinzani wakawaogopa kama walivyowaogopa wakubwa wao. Timu iliyokuwa ya mwisho kwa pasi ikawa miongoni mwa 10 za mbele. Toronto ilishinda michezo 59, zaidi ya mwaka wowote kabla ya hapo, ikamaliza ya kwanza upande wa Mashariki kwa mara ya kwanza katika historia yake.

MIZANI MITATU

Sasa tuzipime hoja. Naona watu hutumia mizani mitatu.

Mizani ya kwanza ni hesabu ya ushindi. Kwa mizani hii Casey ashinda: 59, dhidi ya 55 za Stevens na 48 za Snyder. Ni mizani rahisi, na mtu mvivu huipenda kwa kuwa haimtaki afikiri. Lakini ikiwa hesabu yatosha, kura za nini? Karani mmoja mwenye kalamu angetosha. Tena si haki kumlinganisha aliyepewa wachezaji kumi hodari na aliyepewa wawili.

Mizani ya pili ni shida. Wanaoitumia humtazama mwalimu aliyepungukiwa zaidi, nao hugawanyika kati ya Stevens na Snyder. Mizani hii ina haki ndani yake, nami naiheshimu. Lakini nayo ina hatari. Ikiwa twamsifu mtu kwa sababu ya mikasa iliyompata, twaisifu mikasa na si kazi. Nyumba mbili zikiungua, hatumpi zawadi yule aliyeunguliwa vibaya zaidi. Twauliza nani aliyejenga tena, na alijengaje.

Mizani ya tatu ndiyo niliyoizoea mimi mwalimu wa darasa: ukuaji. Mwanafunzi aliingia akijua nini, na anatoka akijua nini? Kwa mizani hii hatutazami kilele peke yake, bali urefu wa mlima kutoka bondeni. Snyder alimkuza Mitchell na kuirudisha timu kutoka shimoni. Stevens aliwafanya watoto kuwa watu wazima kabla ya wakati. Casey naye aliwakuza vijana wa benchi. Je, hao watatu watoshana? Karibu watoshane. Lakini kwa Casey naona kitu kimoja zaidi, nacho ndicho kinachoniamulia: kabla ya kuwabadilisha wachezaji alijibadilisha mwenyewe. Snyder na Stevens walilazimishwa na msiba; nyumba ilipoanguka hawakuwa na njia ila kujenga upya. Casey nyumba yake ilikuwa imesimama, na aliibomoa kwa hiari ili ajenge iliyo bora. Sisi walimu twajua lilivyo gumu jambo hilo. Ni wangapi kati yetu tuliokwisha kukunja daftari la masomo lililotusaidia miaka 20 na kuandika jipya?

PINGAMIZI MBILI

Msomaji mwenye akili atanisimamisha hapa na kusema: mashambulizi mapya ya Toronto hayakuwa kazi ya Casey, bali ya msaidizi wake Nick Nurse. Ni kweli kwamba Nurse alikuwa na sehemu kubwa katika mashambulizi hayo. Swali hili si geni. Msimu wa 2015–16 timu ya Golden State ilishinda michezo 73, na Steve Kerr akapewa kombe la Mwalimu wa Mwaka, ijapokuwa michezo 43 ya mwanzo iliongozwa na msaidizi wake Luke Walton, Kerr akiwa anauguza mgongo. Katika hiyo 43 Walton alishinda 39, na zote ziliandikwa kwa jina la Kerr. Wengine walinung'unika. Lakini mkuu wa shule asiyeogopa kumpa mwalimu kijana nafasi ya kujaribu mbinu mpya, huyo naye ametenda kazi ya ukuu. Mkuu mwenye wivu angeizima taa ya msaidizi wake ili yake ionekane.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Wakuu wa Toronto watasema: ninyi mwampima kwa michezo 82, sisi twampima kwa Mei. Naam, tuwasikilize. Mwaka 2016 Casey alitolewa na Cleveland ya LeBron James, mara nne kwa mbili. Mwaka 2017, nne kwa sifuri. Mwaka 2018, pamoja na ushindi 59 na faida ya kuanzia nyumbani, tena nne kwa sifuri. Mchezo wa kwanza Toronto ilishindwa katika muda wa nyongeza kwa alama moja, 113 kwa 112. Wa tatu James alitupa mpira huku muda ukiisha, ukaingia, 105 kwa 103. Wa nne ulikuwa maangamizi, 128 kwa 93. Mara tatu mfululizo mbele ya ukuta ule ule! Wakauliza: je, mwaka wa nne utakuwa na tofauti gani?

Na yaliyofuata yaonekana kuwapa haki. Walimpandisha Nurse kuwa mwalimu mkuu. Julai 2018 walimtoa DeRozan wakampata Kawhi Leonard. Mwezi huo huo James alihamia Los Angeles, upande wa Magharibi, na ukuta ukaondoka wenyewe. Juni 2019 Toronto ikaishinda Golden State mara nne kwa mbili, ikawa bingwa. Mwaka 2020 Nurse naye akapewa kombe la Mwalimu wa Mwaka.

Basi, Casey hakustahili? La, hasha. Tazama waliocheza fainali ile. Yule mseminari wa zamani, Siakam, alifunga alama 32 katika mchezo wa kwanza. VanVleet, asiyechaguliwa na mtu, alikuwa tegemeo mpaka dakika za mwisho. Lowry na Ibaka walikuwapo. Shamba lililovunwa mwaka 2019 lilikuwa limelimwa na mikono mingine, na mwenye mikono hiyo wakati huo alikuwa Detroit, ambako alikuwa amepata kazi tangu Juni 2018, hata kabla ya kupokea kombe lake.

HUKUMU

Nadhani fumbo letu la mwanzo sasa lafumbuka. Waliomtukuza Casey na waliomwondoa hawakuwa wakijibu swali moja. Wapiga kura waliulizwa: ni nani aliyefanya kazi bora katika miezi iliyopita? Wenye timu walijiuliza: ni nani atakayetufikisha tusikopata kufika? Swali la kwanza hutazama nyuma, la pili hutazama mbele. Mtu aweza kustahili heshima yote kwa swali la kwanza, na bado asiwe jibu la swali la pili. Wala hakuwa wa kwanza kupatwa na hayo: mwaka 2013 George Karl wa Denver alipewa kombe baada ya kushinda michezo 57, na kabla mwezi haujaisha akaondolewa.

Kwa hiyo kura yangu, kama ningekuwa nayo, ningeipanga hivi: wa kwanza Casey, wa pili Snyder, wa tatu Stevens. Na kati ya wa kwanza na wa pili ningesita sana kabla ya kuandika, kwa maana zile 29 kati ya 35 za Utah si jambo dogo. Msomaji aliyempenda Stevens asikasirike. Katika kura ya walimu wenzake Stevens hakupata hata kura moja, ila tusidhani kwamba walimdharau: kila mwalimu alikuwa na jina moja tu la kuandika. Penye nafasi moja, hata mtu mwema sana aweza kubaki bila kitu.

Nawaachia wazazi na wanafunzi jambo la kutafakari. Mwishoni mwa mwaka wa masomo, watoto wanapoleta vyeti nyumbani, wengi wetu hutazama namba moja tu: amekuwa wa ngapi? Hiyo ndiyo mizani ya kwanza, ile ya karani. Baba mwenye busara atauliza pia: mwaka jana ulikuwa wa ngapi, na ni somo gani ulilolianza upya? Mtoto aliyetoka nafasi ya 40 akafika ya 18 huenda amefanya kazi kubwa kuliko aliyekaa wa tatu miaka mitatu. Na mtoto naye ajue kwamba sifa ya leo haimwahidii kiti cha kesho.

Tarehe 14 Novemba 2018 Casey alirudi Toronto kwa mara ya kwanza, akiwa mwalimu wa Detroit. Watu wa mji ule waliomwona akiingia walisimama wakampigia makofi marefu. Kisha mchezo ukaanza. Timu yake ilikuwa nyuma kwa alama nyingi, ikajikokota, ikafikia sawa. Katika sekunde za mwisho Casey akawaita vijana wake, akawachorea namna ya kucheza mpira wa mwisho. Reggie Bullock akaupata karibu na kikapu, akautumbukiza wakati kengele ikilia. Detroit 106, Toronto 104.

Hapakuwa na kombe wala pete usiku ule. Palikuwa na mwalimu, ubao wake mdogo, na vijana watano waliomsikiliza.